Mzimu Unaokohoa

Mzimu ulikohoa mara mbili, ukanyamaza.

Bi Mwanahawa alisimama katikati ya chumba namba saba, akainua uso kutazama dari ya mbao, akacheka kicheko kikavu. Miaka thelathini watu walikuwa wakimwita awafukuzie mizimu, kutoka Tabora mjini mpaka Kaliua, na hajapata kuuona hata mmoja. Popo aliwaona. Walevi aliwaona. Waume za watu waliojificha mvunguni, hao ndio usiseme. Mzimu, hata siku moja.

"Umesikia, bwana askari? Marehemu ana mafua."

Nikolaus, askari aliyeletwa Tabora kutoka Songea mwaka ule wa tano wa Vita vya Pili vya Dunia, alijiziba mdomo asicheke kwa sauti. Ilikuwa saa nane mchana. Wageni wa hoteli walikuwa wameondoka na treni ya Kigoma, na Bwana Meneja alikuwa chini anakunywa chai, akingoja kuambiwa kwamba yule Mjerumani aliyefia humo zamani hatatembea tena juu ya vichwa vya wageni wake.

Mlangoni alisimama Siwema, mfagiaji wa vyumba vya juu, ameshika ufagio kama mkuki.

"Shikamoo, mama."

Mwanahawa hakuitikia. Huu ulikuwa mwezi wa tatu hamwitikii, tangu siku lori la serikali lilipoingia mtaani kwao Ipuli kuzoa vijana wa kwenda kukata mkonge kwa lazima. Jina lililoandikwa lilikuwa la Kashindye, mtoto wa Siwema. Siwema akaapa mbele ya jumbe kwamba mwanawe hayupo, yuko Kaliua kwa mjomba wake. Lori likapungukiwa na mtu mmoja, na lori la vita halikubali kupungukiwa. Wakamchukua Twalibu, mjukuu wa pekee wa Mwanahawa, aliyezoea kumtania bibi yake kwa kumwita mke wangu, akiwa na sabuni usoni, anaoga uani. Shati alilivalia njiani.

Sasa Siwema alikuwa akija kubisha hodi kwa Mwanahawa, wiki hii mara mbili, wiki ile mara tatu, na kila akija Mwanahawa aliegemeza kinu mlangoni. Anakuja kuomba radhi? Amlete Twalibu kwanza.

"Mzimu wenu mlaji," Mwanahawa alisema. Aliinama, akaokota chembe sakafuni, akaionja kwa ncha ya ulimi. "Michembe! Mjerumani na viazi vitamu vya kukausha wapi na wapi? Nani kamfundisha, wewe Siwema?"

"Ni mimi hula nikifagia."

"Na jasho hili la kiume linalonuka humu, nalo lako?"

Siwema alimtazama askari. Kisha akamsogelea Mwanahawa karibu kabisa, akaanza kusema naye Kinyamwezi, upesi upesi, kwa sauti ya chini.

"Kiswahili!" Mwanahawa alimkatiza. "Sema Kiswahili, bwana askari naye asikie. Siku ile kwa jumbe mbona kilikutoka vizuri?"

Siwema akarudi nyuma hatua moja. Machozi yalimlenga.

"Mama, nakuomba. Mwambie Bwana Meneja kwamba mzimu upo na umekushinda. Nitakuja kwako jioni, unifungulie mlango, unitukane upendavyo."

"Kukutukana nitakutukana hapa hapa, nisichoke kukungoja. Mwanamke gani wewe, unamficha wako darini, wa mwenzio anachomwa na miiba ya mkonge?"

"Kashindye yuko Kaliua."

"Na mimi niko Maka."

Nikolaus aliisogeza ngazi chini ya mlango mdogo wa dari. "Bi mkubwa, maneno yetu yako pale pale. Nikitoka na Kashindye hapa, mjukuu wako anarudi kabla mwezi haujaandama."

"Ngoja, baba, usiwe na pupa. Dari hii imepita juu ya vyumba vyote. Ukipanda hujui kalala wapi, yeye atatokea jikoni, wewe utabaki huko unapiga chafya. Kwanza ajitaje mwenyewe."

Siwema aliangusha ufagio, akamkamata mkono kwa nguvu.

"Usimwite! Kwa jina la Mungu, aite mtu mwingine, wewe usimwite!"

Mwanahawa alijinasua, akamsukuma hata mgongo wake ukagonga ukuta. Miezi mitatu alikuwa akiungoja msukumo ule, na ulimtuliza moyo.

Wengine huwinda mizimu kwa ubani, wengine kwa kombe. Mwanahawa alikuwa na mtego wake mwenyewe. Mfu hana habari na michezo ya jikoni, lakini mtu aliyekuzwa na bibi, akisikia neno lile moja, mdomo humtoroka kabla hajawaza. Wezi watatu na bwana arusi mmoja walishanaswa hivyo.

Alivuta pumzi, akapaza sauti yake yote:

"Kitendawili!"

Siwema aliteleza ukutani mpaka chini, viganja usoni.

Kisha mbao zikalia, hapo hapo juu ya kichwa cha Mwanahawa. Mtu alijigeuza, akakohoa, akajibu kwa furaha tele:

"Tega, mke wangu! Bibi, tangu nitoroke mkongeni nilijua tu utakuja kunichukua."

Nikolaus alikuwa keshafika katikati ya ngazi.