Betri Mfukoni mwa Aili

"Kwa hiyo ni wewe." Reino alizitupa betri mbili mezani, katikati ya vikombe vya kahawa. "Zilikuwa mfukoni mwa koti lako. Mama analilaumu jiko siku tatu nzima, kumbe kikulacho ki nguoni."

Dada yake hata hakuzitazama. "Nani kakutuma upekue koti langu?"

"Nilikuwa natafuta bisibisi."

"Bisibisi inakaa kwenye koti la mwanamke siku hizi?"

"Usinizungushe, Aili. Umezitoa mara ngapi?"

"Kila alfajiri, tangu Jumanne. Jiko likishazimika, nafungua dirisha la chumbani kwa Baba. Mama akiamka, namwambia kile kidude chako kimegoma tena."

Alisema bila haya, kama mtu anayetaja bei ya mayai. Nje, theluji ilikuwa imefika usawa wa madirisha. Barabara ya kwenda mjini ilikuwa imefungwa siku ya nne sasa, na wenye greda za kuondoa theluji walisema wasitarajiwe kabla ya Jumamosi. Reino alikuwa amefika asubuhi hiyo kwa pikipiki ya theluji ya jirani, mkoba wa vifaa mgongoni, kwa sababu mama yake alimpigia simu akilia. Jiko la kutupasha joto linazimika lenyewe, alisema, na unajua baba yako asivyopenda baridi.

"Vidole vitatu vya mguu wake viliganda msituni akikata magogo," Reino alisema. "Aliapa kwamba ndani ya nyumba yake hatatetemeka tena. Na wewe unamfungulia dirisha!"

"Usinifundishe habari za Baba. Mimi ndiye niliyeishi naye. Wewe uliishi na kadi zake za Krismasi."

"Mnagombania nini huko?" Hilja, mama yao, aliuliza kutoka jikoni. Alikuwa anaoka mkate wa iliki, trei ya tano tangu kupambazuke.

"Waya, Mama," Reino alijibu.

"Basi zifunge hizo waya. Baba yako anakungoja."

Aili alimsogelea kaka yake, akashusha sauti. "Unadhani anaoka hivyo kwa sababu tuna njaa?"

Reino alipiga goti kwenye ukuta wa sebuleni, mbele ya kidhibiti joto alichomletea baba yake Krismasi iliyopita, kile unachoweza kukiongoza kwa simu hata ukiwa Marquette, mji alikoishi Reino. Kilikuwa na kasoro moja. Waya mbili zilizotoka kwenye jiko zilikuwa za kuamrisha tu: washa, zima. Hazikuwa na umeme wa kukilisha chenyewe, kwa hiyo kiliishi kwa betri. Sasa Reino alikuwa amekuja na transfoma ndogo ya volti ishirini na nne ya kuchomeka kwenye soketi, waya nyembamba, na kisanduku cha relei cha kuzuia umeme huo usiingie kwenye jiko ukaliunguza.

"Ukimaliza hapo, hakitahitaji betri?" Aili aliuliza.

"Hata ukizitafuna. Umeme utatoka ukutani, kidogo kidogo, saa zote. Hakizimiki tena."

"Ingia umwone kwanza."

"Nikimaliza."

"Unasema hivyo tangu saa mbili. Umetoka Marquette na mkoba wa vifaa, moyo umeuacha wapi?"

"Nimesema nikimaliza!"

Chumba cha Baba kilikuwa hatua nne kutoka hapo. Mlango ulikuwa umetolewa bawabani kwa amri ya Hilja, pakatundikwa pazia ili joto lipite. Reino alivua maganda ya waya polepole kuliko ilivyohitajika. Akakaza skrubu. Akazikaza tena.

Alipochomeka transfoma, kioo cha kidhibiti kiliwaka rangi ya bluu. Akaweka joto la kiangazi cha Julai, kama mama yake alivyotaka. Jiko likakohoa, punje za mbao zikadondoka ndani, moto ukashika.

Hilja akaja na unga mikononi, akaweka kiganja juu ya jiko. "Hapo sasa," alisema. "Huyu ndiye mtoto. Si huyu anayetaka tukae ndani na makoti."

Mbwa aliyekuwa amelala kando ya jiko aliinuka, akaenda kulala kwenye mlango wa nje, pua kwenye ufa.

"Haya, umemaliza," Aili alisema.

Reino alisimama, akajipangusa magoti, akainua pazia.

Hakukaa humo hata dakika tatu. Alipotoka, uso ulikuwa mweupe kuliko mikono ya mama yake. Hakumtazama dada yake. Aliinama, akang'oa transfoma kwenye soketi, akachukua koleo, akakata waya. Kioo cha bluu kikazimika.

"Reino!" Hilja alipiga kelele. "Baba yako atapigwa na baridi!"

"Ndiyo, Mama."

Alirudi nyuma ya pazia. Wakasikia dirisha likigoma, likilia, kisha likiachia. Upepo ukaingia, pazia likavimba mpaka sebuleni.

Aili alimkimbilia mama yake kumshika, lakini Hilja aliuondoa mkono wake. Alibaki akilitazama lile pazia. Kisha akajifuta unga kwenye aproni, kidole kwa kidole, akachukua koti lake kwenye msumari, akalivaa, akafunga vifungo vyote. Akaingia. Akampita mwanawe, akaenda upande wa pili wa kitanda, akafungua dirisha la pili kwa mikono yake mwenyewe.

"Yaacheni wazi yote mawili," alisema. "Jeneza haliji kabla ya Jumamosi."