Chafya ya Pimbi Barazani

Hapo kale Pimbi, mwoga kuliko wanyama wote, alipiga chafya barazani wakati mtawala wao, Nyati, akihutubia.

"Mfungeni!" akafoka Nyati.

Pimbi akajikaza. "Mheshimiwa, nimevunja sheria gani?"

Wazee wa baraza wakazipitia sheria zote. Sheria ya chafya haikuwapo.

"Basi naitunga!" akasema Nyati. "Kuanzia sasa, kupiga chafya barazani ni jinai!"

"Kuanzia sasa," akajibu Pimbi, "na yangu imeshapita."

Nyati akapiga kwato chini kwa hasira. Vumbi likatimka, likamwingia puani. Chyaa! Baraza zima likatikisika.

Walinzi wakamsogelea na kamba zao.

"Sheria nimeifuta!" akapiga kelele Nyati.

Wanyama wakaangua kicheko, na Pimbi akawa wa kwanza kumwambia, "Afya, Mheshimiwa!"