Bia ya Konokono

Konokono walikuwepo, bia haikuwepo. Karla Tveit aliinama kwenye ngazi za mlango wa nyuma, kijiko mkononi, akakitazama kisahani asiamini. Wale wadudu wanene wasio na gamba walikuwa wamesukumwa pembeni, wamerundikana ndani ya ute wao, na katikati pakavu kabisa. Mtu alikuwa amewachuja kama majani ya chai, akanywa kilichobaki. Yaani mtu mzima, na akili zake!

Na alijua ni nani. Merle, mumewe, aliacha pombe msimu wa baridi, na ili mikono isikae bure akaotesha pilipili jikoni, chini ya taa. Theluji ya Wisconsin ilipokwisha akaanza kuizoesha miche nje: leo kivulini kidogo, kesho juani kidogo, hadi ikaweza kulala huko. Ndipo konokono walipoivamia, wakawa wanaacha vijiti vitupu.

Wazo la bia lilitoka kwa Bi Ardis, mama yake Karla, aliyeishi nao tangu avunjike nyonga. Huyu hata divai ya kanisani aliikataa, akawa analetewa juisi ya zabibu.

"Wekeni bia kwenye kisahani, watazama humo," alisema. "Uchafu uuane na uchafu."

Karla aliinunua mwenyewe, akaifungia kwenye buti la gari, ufunguo akautundika shingoni. Kila jioni alimimina ya kisahani tu.

"Itakuwa rakuni, yule mnyama wa kufukua mapipa ya taka usiku," Merle alisema alipoonyeshwa.

"Rakuni angewala na konokono."

"Karla, mke wangu, sijagusa. Ninuse basi." Akasogeza uso.

Karla akageukia ukutani. Amnuse mtu aliyefyonza bia kwenye ute wa konokono? Hata kumtazama kulimtia kinyaa.

Bi Ardis, peremende shavuni kama kawaida yake, akashusha pumzi. "Mwanangu, mlevi ni mlevi tu. Mimi naamka alfajiri kusali hapo nyuma, naona mengi, nanyamaza. Mtoe kabla hajakuaibisha kanisani."

"Mama, umeniona mimi?" Merle aliuliza.

"Sipendi kusema watu," alijibu Bi Ardis, akahamishia peremende shavu la pili.

Wakati wa baridi Karla alikuwa amemwambia mumewe: tone moja tu, unaondoka. Naye hakuwa mtu wa kusema halafu akameza maneno. Kaka yake Merle akaja na gari, wakapakia nguo na viatu. Merle hakugombana. Aliigeuza tu trei ya pilipili isipigwe na upepo.

"Usiipande bado, mashina hayajakomaa," alisema. "Na usiku ukiwa wa baridi, iingize ndani."

"Nenda, Merle."

Alikuwa analia, kamasi zimemfika mdomoni, na hilo nalo lilimchefua Karla. Alifunga mlango kabla gari halijawashwa.

Jioni akajaza kisahani, maana miche haikuwa imemkosea kitu. Alilala katikati ya kitanda, akajiambia kwamba sasa amepumua.

Asubuhi alimkuta mama yake mezani, keshavaa, keshachana nywele, Biblia mbele yake. Karla akaandaa mayai na mkate wa kubanika.

"Nyumba imekuwa safi," alisema Bi Ardis. "Hata hewa yake."

Akamshika binti yake mkono, akafumba macho, akainua uso kumshukuru Mungu kwa chakula, na kwa kuwaondolea mlevi chini ya paa lao.

Kwenye vinywele vyeupe vya kidevu chake, konokono mdogo kama punje ya mchele alikuwa akipanda polepole kuelekea mdomoni.