Bendera ya Gunnvor

"Wamepiga simu?" Gunnvor aliuliza hata kabla ya salamu.

"Bado, mama," Analyn alijibu.

Siku ya tatu sasa, boti ya uvuvi ya Eivind ilikuwa kimya baharini, na dhoruba haikumhurumia mtu. Analyn, mchumba wake, alikuwa na majuma matatu tu tangu atoke Ufilipino. Leo alikuwa peke yake na Gunnvor, mama wa Eivind, mwenye ugonjwa wa moyo, anayetimiza miaka sabini.

"Haya, nipe vidonge vyangu, kisha kapandishe bendera. Siku ya kuzaliwa lazima ipepee; hapa kwetu tunasomana habari kwa bendera, mwanangu. Mimi nitajifanya nimelala, kama desturi yetu, mpaka niletewe keki na kuimbiwa. Na usisahau kuinama na kuzunguka ukiimba, la sivyo keki nakula peke yangu!"

Alitania, kisha akageuza uso dirishani. Kitanda chake kilielekea dirishani, na dirisha lilielekea uani.

Analyn alikuwa chini ya mlingoti simu ilipolia. Akaipokea upesi.

"Ni mimi," Eivind alisema. "Redio ilikufa. Ndiyo kwanza tumefika bandarini. Usimwambie mama! Hata chumbani kwake usiende, uso utakusaliti. Nataka nimpelekee keki mwenyewe."

Analyn akaziba mdomo kwa kiganja, akalia palepale kwenye theluji kwa furaha.

Kisha akaanza kuivuta bendera. Kamba ikakwama, bendera ikagoma usawa wa dirisha la Gunnvor ghorofani. Afadhali, aliwaza, mama ataiona bila hata kuinua shingo. Eivind ataimalizia.

Jikoni alichomeka mishumaa kwenye keki, akafanya mazoezi ya wimbo: kuinama, kuzunguka, kuruka. Huko juu kitu kikaanguka sakafuni. Akatabasamu. Mama kachoka kujifanya amelala.

Nusu saa baadaye Eivind alifika getini, chumvi imemganda ndevuni. Analyn akatoka mbio kumkumbatia, lakini Eivind hakunyoosha mikono. Alikuwa ameduwaa, akiitazama ile bendera iliyoning'inia nusu mlingoti.

"Mama amefariki saa ngapi?" akauliza.

"Amefariki? Wewe! Si yuko juu anasubiri keki yake?"

Wote wawili wakainua macho. Gunnvor alikuwa ameegemea kioo cha dirisha, macho wazi kwenye bendera, hayapepesi. Hakumpungia mwanawe mkono.