Kinachomuuma Nicanor

Nicanor alitoka nyumba ya mjane asubuhi akiwa na chupi tu, akijikuna mgongo kwa gunzi la mahindi. Akina mama waliokuwa wakianika dagaa wa omena waligeuza nyuso zao wasije wakacheka mbele yake.

"Wadudu wako ni wachawi!" Nicanor alimfokea Valary, mjane mwenyewe. "Wananiuma na siwaoni!"

"Mimi hawaniumi," Valary alijibu kutoka mlangoni. "Labda hawakupendi."

"Funga mdomo!"

Hivyo ndivyo walivyosalimiana tangu wazee wa ukoo waamue kwamba Nicanor amrithi. Cephas, mume wa Valary, alizama katika ghuba ya Karungu wakati wa mvua za mwaka 1995, akaacha watoto wadogo na boti nzuri yenye injini. Binamu yake Nicanor alilia matangani kumshinda mama mzazi wa marehemu, lakini jicho lake moja lilikuwa limeelekea ufuoni. Mjane wa kwanza ambaye Nicanor alimrithi, kule Homa Bay, sasa hana hata mbuzi, na wanawe wanabeba mchanga. Watu wote walijua. Hakuna aliyefungua kinywa, maana mila ni mila na mjane ni mjane.

Mila yenyewe ilitaka alale na Valary katika nyumba ile. Akishafanya hivyo, boti ni yake, na mnunuzi kutoka kisiwa cha Remba alikuwa amekwisha kuja kuipapasa. Lakini atalala vipi na mwanamke mtu anayekesha akijikuna?

Alianika godoro juani. Akaweka miguu ya kitanda ndani ya mikebe ya mafuta ya taa. Akanyunyiza dawa ya kupe mpaka kuku wa Valary wakaanza kupepesuka. Alitafuta kunguni, akatafuta viroboto, akatafuta chawa, na hakuona hata mguu wa mdudu. Kila alfajiri mgongo wake ulikuwa umevimba matuta mekundu kuanzia shingoni hadi kiunoni.

Ajabu ni kwamba akilala kwa mke wake mkubwa, Filister, ng'ambo ya ua wa minyaa, alikoroma mpaka jua linachomoza.

Filister naye alikuwa na mdomo wa kutoboa sufuria. Kila siku alisimama kwenye ua akimtukana mjane kijiji kizima kisikie.

"Mwizi wa waume! Wako hajapoa kaburini, ushaanza kunyemelea wangu!"

"Njoo umchukue!" Valary alimjibu. "Nani alikwambia namtaka huyo fisi?"

Siku moja walikutana ufuoni wakarushiana mabeseni, na ikabidi wanawake wenzao wawashike. Nicanor aliposikia alitembea kifua mbele siku nzima, huku akijikuna. Wanawake wawili kumpigania si jambo dogo.

Filister aliwaambia hata wazee kwamba mume wake hatajifunika matambara ya maiti. Kila jioni alipeleka mwenyewe shuka na shati la kulalia, vimefuliwa na kukunjwa, vimewekwa juu ya uteo ili visigusane na kitu chochote cha nyumba ile. Alivitua mlangoni, akatema mate, akaondoka.

"Na huyo mwanamke asiviguse!"

Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Wakasema mke ndiye huyo, hata akiwa na hasira hasahau wajibu wake.

Hatimaye mzee wa ukoo aliitwa. Nicanor alivua shati na kumwonyesha mgongo.

"Umemwona mdudu?" mzee aliuliza.

"Hapana, Jaduong'."

"Mwanamke je?"

"Analala kwenye mkeka na watoto, ngozi yake laini. Nikahamia mkekani, wakanifuata. Nikarudi kitandani, wakarudi na mimi."

 Mzee alisogeza kigoda chake mbali na Nicanor.

"Basi huyo si mdudu," alisema. "Huyo ni Cephas. Amekukataa."

Nicanor alikuwa mtu wa kumnyang'anya mjane chumvi, lakini wafu aliwaogopa. Aliinuka pale pale, akachukua koti lake na shuka yake, akamlaani Valary, akailaani boti, akamlaani hata marehemu kwa sauti ya chini, akaenda zake. Nyumba ile hakuikanyaga tena.

Valary alifagia uwanja akiimba. Furaha yake haikumaliza siku mbili, kwa sababu wazee walikaa tena.

Jioni ya kikao hicho Filister alikuja kwenye ua, mikono kiunoni.

"Mchawi wewe! Umemkosa wangu, sasa utamkausha wa nani?"

Majirani walichungulia. Walipoona ni vita vile vile vya kila siku, walirudi kwenye ugali wao. Filister alitazama huku na huku, kisha akainamia kwenye ua na kushusha sauti.

"Wamemtaja Gordon," alisema.

Ufagio ulimtoka Valary mkononi. Gordon alikuwa mdogo wake Nicanor, mchimba makaburi wa kijiji, na maiti hazikumtisha. Valary aliona boti ikivuka kwenda Remba bila yeye, na wanawe wakiinama kwenye mchanga wa watu.

"Basi nimekwisha," alinong'ona. "Huyo hatamkimbia Cephas."

Filister alipitisha mkono katikati ya minyaa, akaushika wa Valary na kuubana.

"Usiogope, nyieka, mke mwenzangu. Mke wa Gordon ameshakuja kwangu kuchukua upupu."