Mfuniko wa Sufuria

Kwa miezi mitatu mkewe alimnyatia Shomvi kwa nyuma na kuangusha mfuniko wa sufuria sakafuni. Siku aliyoshtuka alilala na njaa. Mwishowe hata kope haikucheza.

Leo alikaa mbele ya daktari wa kiwanda, ameligeuzia dirisha mgongo, akijifanya mashine zimemuua masikio ili apewe cheti cha fidia. Nje barazani alikuwa amemwacha bintiye Hidaya, wa miaka sita, akila andazi lake.

Daktari akaangusha sinia la chuma sakafuni, nyuma ya kisogo chake. Shomvi akaendelea kuitazama picha ya sikio iliyobandikwa ukutani.

“Hakushtuka,” akasema sista aliyekuwa akiandika mezani.

“Ngoja kwanza. Waongo nimewaona wengi.”

Ndipo breki za lori zikalia barabarani, na sauti ikapenya dirishani: “Baba!”

Sista akatupa kalamu, akatoka mbio. Daktari akarukia dirisha, akamtambua mtoto aliyekuja na Shomvi, akashika kichwa. Shomvi aliijua sauti ile kuliko jina lake mwenyewe. Akaiamuru shingo igeuke. Shingo ikakaa vilevile, kama ilivyofundishwa.

Daktari akageuka, akamkuta ametulia kitini, macho ukutani.

“Masikini ya Mungu,” akanong’ona. “Mwanawe mwenyewe! Kumbe huyu hasikii kweli.”

Akagonga muhuri, akamwekea cheti mapajani.

Nje watu walikuwa wakiulizana mtoto yule ni wa nani, na Shomvi alisikia kila neno.