Vidole Vinne

Sketi ilimteleza Mama Sindano akiwa ghorofa ya tatu, katikati ya dakika zake kumi za jioni.

Aliidaka kiunoni, akasimama kwenye ngazi. Aliishona mwenyewe, fundi mzima, na juzijuzi tu ilikuwa ikimbana hata kupiga chafya anaogopa. Sasa aliingiza vidole kati ya kitambaa na ngozi: kimoja, viwili, vinne. Vinne vizima!

Daktari alikuwa amekataa katakata. "Figo yako inamfaa mdogo wako, mama, lakini hatukupasui mpaka upungue." Kukimbia nusu saa kulimshinda, pumzi zilimkatika hata kona hajafika. Ndipo muuguzi akamwambia apande ngazi, tena agawe: dakika kumi asubuhi, kumi mchana, kumi jioni. Haba na haba hujaza kibaba, naye akaomba safari hii ipunguze.

Jua la jioni lilipenya dirishani, vumbi likaelea ndani yake kama pamba. Ngazi zilikuwa laini chini ya nyayo, kama zinataka kumpandisha zenyewe.

"Dada!" Mdogo wake aliita kutoka mlangoni juu, sauti nyembamba kama uzi. "Mbona sikusikii? Kama umechoka, acha tu. Sitakulaumu."

"Nani kakuambia nimechoka, wewe?"

"Sasa unafanya nini hapo?"

Mama Sindano aliukunja ule upana wa vidole vinne, akaufumbata kwa nguvu.

"Nitafutie pini, mdogo wangu," alisema, akaanza tena kupanda. "Kubwa."